Nani atie saini, nani alipe: maamuzi ya matibabu mgonjwa anapolazwa Nairobi (UZI)

Wakili wa Ngara

Wadau, familia nyingi hufika hospitali na maswali mawili yaliyochanganywa yakawa moja: nani aamue, na nani alipe. Pale mapokezi karani hukupa karatasi tatu au nne zilizobanwa pamoja, na kwa ile haraka mtu hutia saini zote kwa mkupuo. Zitenganisheni. Moja ni ridhaa ya matibabu. Nyingine ni ahadi ya malipo, mara nyingi yenye maneno ya kiasi cha "mimi niliyetia saini hapa chini nitalipa gharama zote zitakazotokana na matibabu ya mgonjwa aliyetajwa". Ukiweka jina lako na nambari ya kitambulisho chako hapo, umekuwa mdaiwa. Hospitali inaweza kukushtaki wewe, hata kama mgonjwa ni jirani tu uliyemsindikiza, na deni la mkataba hudaiwa mahakamani hadi miaka 6.

Kama hukusudii kubeba bili yote, kata sentensi hiyo kwa kalamu na uandike kiasi unachokubali, kwa mfano "nadhamini hadi shilingi 50,000 tu". Tia saini ndogo kando ya ulipokata, kisha piga picha ukurasa mzima. Karani akikataa, omba amwite msimamizi wa mapokezi. Iwapo mgonjwa ana fahamu zake, fomu ya malipo aitie saini mwenyewe.

Sasa ridhaa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa na matokeo ya kukataa. Gharama imetajwa humo, kwa hiyo kuuliza bei kabla ya upasuaji ni haki yako. Kifungu cha 9 kinasema huduma haitolewi bila ridhaa, kisha kinataja hali za kipekee. Mgonjwa asipoweza kuridhia, wa kwanza ni mtu ambaye mgonjwa mwenyewe alimteua kwa maandishi, au aliyeruhusiwa na sheria au amri ya korti. Asipokuwapo, ndipo ndugu wa karibu anaulizwa. Dharura, na hali ambayo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebika, haingoji saini ya mtu, ila katika hiyo ya pili mgonjwa awe hajaikataa huduma hiyo kwa maneno wala kwa vitendo.

Yale maneno "kwa maandishi" ndiyo watu wengi hawayajui. Barua ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa mtu akiwa mzima, humweka mteule mbele ya ukoo mzima.

Sista Zamu ya Usiku

Asante Wakili. Niongeze ya ndani ya wadi, kwa maana sheria husomwa mchana na maamuzi mengi hufanyika saa nane za usiku.

Kwanza, uwezo wa kuamua haupimwi kwa umri wala kwa kisomo. Tunaangalia mambo manne: mgonjwa anaelewa alichoelezwa, anakishika kwa muda wa kutosha kuamua, anapima hiki na kile, na anawasilisha uamuzi wake kwa maneno, kwa kichwa au kwa kubonyeza mkono. Mzee wa miaka 80 anayekubali upasuaji wa nyonga na kuukataa wa moyo ana uwezo kamili, hata kama wanawe hawapendi jibu lake. Mtu wa miaka 30 ambaye sukari imeshuka hana uwezo kwa saa hiyo, na baada ya glukosi anaurudisha. Maambukizi, sodiamu iliyoshuka na dawa za usingizi hufanya hivyo hivyo. Uamuzi unaoweza kungoja hadi kesho asubuhi ungoje, mgonjwa aamue mwenyewe.

Pili, wakati wa kutia saini. Ridhaa iliyochukuliwa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kumtuliza kabla ya thieta (chumba cha upasuaji) haina nguvu. Hapa ndipo mambo huharibika zaidi: orodha ya thieta imesogezwa mbele, daktari wa upasuaji hajafika wadini, fomu imejazwa na intani (daktari mwanagenzi) asiyejua upasuaji utakavyokwenda, na mgonjwa tayari macho yanafumba. Mwambie sista "ngoja, hajaelezwa". Tutangoja. Angalia pia fomu inasema nini. "Upasuaji wa tumbo" haitoshi. Iandikwe ni upasuaji gani, upande gani, na kama kuna sehemu inayoweza kuondolewa. Ganzi na kuongezewa damu huwa na ridhaa zake, wakati mwingine kwenye fomu hiyo hiyo kwa maandishi madogo chini.

Tatu, lugha. Mama akizungumza Kikamba au Kisomali tu, omba mhudumu mwingine anayeijua lugha hiyo. Msimtumie mtoto wake wa miaka 12 kumtafsiria habari ya kizazi chake.

Nne, na hili linaniuma. Mwanamke mtu mzima anayejifungua kwa upasuaji au anayetaka kufunga uzazi anatia saini mwenyewe. Hakuna sheria inayotaka saini ya mume. Kuna wadi bado zinaomba "mwenye mama aje", na saa mbili zinapita mtoto akichoka tumboni. Mkikutana na hilo, mtajieni kifungu cha 9 na mwombe jina la anayekataa liandikwe kwenye faili. Mara nyingi thieta hufunguka dakika hiyo hiyo.

Mkazi wa Umoja

Sista na Wakili, shikamooni. Tuseme mgonjwa yuko ICU (chumba cha mahututi) baada ya kiharusi, hazungumzi, na hakuacha barua. Mke anasema aendelee na mashine, kaka zake wawili wanasema wamhamishie hospitali ya umma kwa sababu ya bili. Hospitali imsikilize nani?

Wakili wa Ngara

Marahaba. Kifungu cha 9 chenyewe hakipangi mke, mtoto na kaka kwa zamu, na ugomvi wote unazaliwa hapo. Kwa vitendo hospitali nyingi humsikiliza mke au mume kwanza, au yule aliyeandikwa kwenye fomu ya kulazwa kama ndugu wa karibu. Lakini jina kwenye fomu ya mapokezi si uteuzi wa mgonjwa. Mara nyingi liliandikwa na aliyemleta.

Fanyeni hivi. Ombeni kikao cha familia na daktari mkuu wa mgonjwa, wote mkiwa chumba kimoja, ili pasiwe na mtu wa kusema "mimi daktari aliniambia tofauti". Swali la kikao liwe moja: mgonjwa mwenyewe angetaka nini kama angeweza kuzungumza? Aliwahi kusema nini kuhusu mashine, kuhusu mzigo wa deni, kuhusu kufia nyumbani? Anayeamua kwa niaba ya mwingine anabeba mapenzi ya mgonjwa, na mapenzi yake mwenyewe anayaacha mlangoni. Kikao kiandikwe kwenye faili pamoja na majina ya waliokuwapo. Baadhi ya hospitali kubwa zina kamati ya maadili ya tiba. Ombeni kwa barua faili ipelekwe huko. Mkishindwana kabisa, Mahakama Kuu inaweza kuteua mlezi chini ya Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022.

Hapo kuna mtego mwingine. Watu hukimbilia hati ya uwakili, ile wanayouzia magari na mashamba. Hati ya kawaida ya uwakili hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani saa ile ile mnapoihitaji. Benki ikijua mzee yuko mahututi haitaiheshimu. Ili kufikia pesa zilizo kwa jina lake peke yake mtahitaji amri ya korti, ripoti za madaktari (kwa desturi wawili) na viapo vya familia, na hilo halimalizwi kwa wiki. Mrithi aliyeandikwa kwenye Sacco au kwenye pensheni naye hulipwa mtu akifa, akiugua hapati kitu. Njia nyepesi ni akaunti moja ya pamoja yenye maelekezo kwamba mmoja wao anaweza kutoa pesa peke yake, ifunguliwe mapema, na ndani yake iwe akiba ya matibabu peke yake.

Karani wa Bili

Kwa upande wa pesa, nianze na SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024.

Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, bila kikomo cha juu, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asiye na mshahara hujibu maswali ya kupima uwezo wa kaya kupitia \*147# au mtandaoni, hupewa kiasi chake, na hutakiwa kulipia mwaka mzima kwa pamoja. Hapo ndipo familia hukwama, mgonjwa yuko kwenye machela na mfumo unasema hajalipiwa.

Jambo linalowashangaza wengi: kadi yako inambeba mwenzi wako na watoto wako, wazazi hapana. Baba aliye Mwingi au Siaya ni kaya yake. Lazima asajiliwe na kulipiwa kwa jina lake, angalau shilingi 3,600 kwa mwaka. Fanya hivyo wiki hii kwa simu yako, ukiwa na nambari ya kitambulisho chake na laini ya simu yake ikiwa hewani, kwa sababu nambari ya uthibitisho inatumwa kwa simu yake. Laini iliyopotea ikiwa bado imeandikwa kwenye mfumo hukwamisha idhini ya kulazwa.

Zahanati na vituo vya afya vya daraja la 2 na 3 hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, kwa hiyo aliyesajiliwa hatozwi hata kama hajalipa mchango. Kuanzia daraja la 4 kwenda juu, yaani hospitali, ndipo mchango hutazamwa. Kwa tarifa (bei zilizowekwa na SHA) za 2025 kitanda hulipiwa shilingi 3,360 kwa siku daraja la 4, 3,920 daraja la 5 na 4,480 daraja la 6. Kujifungua kawaida ni 10,000, kwa upasuaji 30,000. Saratani, kwa tarifa hizo za 2025, ilikuwa 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na zikiisha kulikuwa na 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura.

Pigeni hesabu hapo. Siku 10 daraja la 6 ni 44,800. Bili ikiwa 140,000 katika hospitali inayotoza zaidi ya tarifa, zilizobaki 95,200 ni zenu. Kabla ya kulazwa, ulizeni swali hili kwa maneno haya: "Mnapokea tarifa ya SHA kama malipo kamili, au kuna nyongeza? Nyongeza ni kiasi gani kwa siku?" Jibu liandikwe.

Bima binafsi ina mitego yake. Kwanza kuna kikomo cha ndani: kadi inasema milioni 2, lakini saratani au uzazi umepewa laki 3 tu ndani ya hizo milioni 2. Pili, kipindi cha kusubiri kwa ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima. Tatu, fomu ya maombi. Ukificha presha au kisukari siku ya kujiunga, siku ya kiharusi faili za zamani zitaombwa na dai litakataliwa. Nne, barua ya dhamana inayotolewa mgonjwa anapolazwa huwa na kiasi na tarehe. Ikiisha na haijaongezwa, siku zinazofuata zinaandikwa kwa mgonjwa kimya kimya. Kila baada ya siku mbili mwulizeni karani wa bima wa hospitali imebaki kiasi gani. Dai likikataliwa, ombeni sababu kwa barua inayotaja kipengele cha mkataba, kisha mlalamike kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, iliyo Upper Hill.

Kuhusu kukagua bili: ombeni yenye mchanganuo, si ile ya mistari sita inayosema "dawa", "maabara", "vifaa". Chukueni na nakala ya karatasi ya dawa iliyo wadini, ile sista anayotia tiki kila anapompa mgonjwa dozi. Linganisheni. Makosa ninayoyaona mara kwa mara: dawa iliyobadilishwa siku ya tatu na bado inatozwa hadi siku ya kumi, chupa za dripu kuzidi zilizowekwa tiki, siku ya kuruhusiwa kutozwa kitanda kizima, daktari bingwa kutoza ziara siku ambayo hakuandika neno kwenye faili, na kipimo kilichorudiwa kwa sababu damu iliganda kwenye chupa kikatozwa mara mbili. Huduma za matibabu hazitozwi VAT, mkiiona hapo ulizeni. Ada za madaktari zina kanuni za mwaka 2016 zinazoweka kiwango cha chini na cha juu, na mnaweza kuuliza kama ada mliyotozwa imo ndani yake.

Mkichangisha, msitumie laini ya mtu mmoja kwa bili kubwa. M-Pesa hubeba hadi 500,000, na muamala mmoja ni 250,000. Michango ikivuka hapo inarudi kwa waliotuma, na hawatumi tena. Ombeni paybill ya hospitali yenyewe, nambari ya akaunti iwe nambari ya mgonjwa, na watu walipe moja kwa moja. Maswali ya nani alikula pesa hayatakuwapo.

Nyota ya Kayole

Karani, na ikifika siku ya kuruhusiwa pesa hazitoshi, wanakataa kumtoa? Au wanataka hati ya shamba?

Wakili wa Ngara

Nijibu hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndipo watu huumia.

Kwanza mlangoni. Katiba, ibara ya 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya kinaeleza dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizorote, na kumpangia uhamisho pale kituo cha kwanza hakina uwezo. Kituo chenye uwezo kikikataa, faini ni hadi shilingi milioni 3. Oktoba 2015 majeruhi mmoja wa ajali alizungushwa katika hospitali za mji huu kwa saa 18 akiwa ndani ya ambulensi, akifuatwa na suala la nafasi ya ICU na amana, na akafa. Kwa hiyo amana isiombwe kabla mgonjwa hajatulizwa. Wakiiomba, andikeni saa, jina la aliyeomba na kiasi. Msigombane, endeleeni kudai mgonjwa aonwe.

Mwishoni: kumzuia mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa na daktari kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2015, katika kesi ya M.A.O. kuhusu wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua hivyo, mmoja akapewa fidia ya shilingi milioni 1.5 na mwingine 500,000. Maiti vilevile. Tangu kesi ya Ludindi Venant dhidi ya Pandya Memorial ya mwaka 1998, mahakama zimesema mwili wa marehemu si mali ya kushikwa rehani. Deni halifutiki, hospitali inaruhusiwa kulidai kwa njia za kawaida za madai. Kumfungia mtu wadini si mojawapo.

Hatua zenyewe. Katika hospitali ya umma, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, mgonjwa akiwa bado kitandani, mkiwa na barua ya chifu, kitambulisho na maelezo ya mapato ya kaya. Msamaha wa bili hupitia kwa kamati na huchukua siku, na siku hizo kitanda kinaendelea kutozwa, kwa hiyo siku ya kuruhusiwa mmechelewa. Katika hospitali ya binafsi, peleka pendekezo la malipo kwa maandishi: unalipa kiasi gani leo na kiasi gani kila mwezi. Lipa hicho cha leo hata kama hawajajibu, risiti itakusaidia. Wakikataa, barua ya wakili kwa mkurugenzi mara nyingi humaliza. Isipomaliza, ombi hupelekwa kitengo cha Katiba na haki za binadamu pale Milimani kwa hati ya dharura. Kanuni za mwaka 2013 za kesi za haki zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida au maelezo ya mdomo. Asiye na wakili aende Kituo Cha Sheria au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Hati ya shamba: usiikabidhi kwa karani eti "iwe hapa tu". Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 79, inatambua rehani isiyo rasmi kwa kuweka hati pamoja na ahadi ya maandishi yenye shahidi. Aliyeshika hati hawezi kuuza bila amri ya korti, lakini na wewe hutaweza kuuza wala kukopa. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenzi inahitajika. Ikiwa hamna njia nyingine, andikieni kiasi kamili cha deni, tarehe ya mwisho na masharti ya kurudisha hati, wote wawili mtie saini.

Mhudumu wa Tiba Shufaa

Uzi mzuri, lakini sisi wa tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya mgonjwa, tuna swali ambalo halijaulizwa: je, matibabu haya yaendelee?

Saratani ya umio (njia ya chakula kwenda tumboni), mfano, mara nyingi hugunduliwa mgonjwa akiwa ameshindwa kumeza chakula kigumu. Kwa hatua hiyo familia huuza ng'ombe na ploti kulipia mizunguko ya kemo ambayo daktari mwenyewe hakusema itaponya. Mwulizeni daktari maswali matatu kabla ya kila hatua. Lengo ni kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza mateso? Tukifanya, tunatarajia nini baada ya miezi mitatu? Tusipofanya, atasumbuliwa na nini na mtamsaidia vipi? Wakati mwingine neli ya kufungua umio, ili anywe uji na maji, humsaidia kuliko mizunguko sita ya dawa. Uamuzi ni wake, na lazima ajue ugonjwa wake. Familia zinazosema "msimwambie mzee" humnyima nafasi ya kugawa mali yake, kusamehe na kusamehewa. Mgonjwa ana haki ya kusema hataki kujua, lakini hilo aliseme yeye.

Kukataa matibabu au kuyasimamisha si kujiua, na daktari anayeheshimu uamuzi huo hajaua. Kumpa mtu dawa kwa nia ya kumuua ni jinai, na kumsaidia mtu kujiua kuna kifungo cha maisha katika kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu. Kati ya hayo mawili kuna agizo la kutofufua moyo ukisimama. Agizo hilo linahusu kukandamiza kifua na mashine ya kupumulia. Chakula, maji, oksijeni, kugeuzwa kitandani na dawa za maumivu huendelea. Liandikwe kwenye faili na daktari, lenye tarehe, na likaguliwe hali ikibadilika. Kenya haina sheria maalum ya maagizo ya mapema ya matibabu, ndiyo maana maandishi na mashahidi ni muhimu hivi.

Maumivu sasa. Mofini ya maji ya kunywa ndiyo dawa ya msingi ya maumivu makali ya saratani, na hofu kwamba "ukimpa anakufa" imewatesa watu bure. Hutolewa kila saa 4, kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi, na kuna dozi ya ziada ya maumivu yanayochomoza katikati. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile. Kosa la hatari nyumbani ni kipimo. Mofini huchanganywa kwa ukali tofauti, na mililita 5 za chupa mpya zinaweza kuwa mara kadhaa ya zile za chupa ya zamani. Kila mkipewa chupa, soma miligramu kwa mililita, mwombe mfamasia akuchoree mstari kwenye bomba la sindano, na msiisimamishe ghafla kamwe. Akilala fofofo haamki na pumzi zimekuwa chache, msimpe dozi inayofuata, pigeni simu na mpelekeni mara moja. Nairobi Hospice, iliyoanza 1990 katika eneo la Hospitali ya Kenyatta, hufundisha familia haya yote.

Nyota ya Kayole

Na mtoto? Wazazi wakikataa damu kwa sababu ya dini?

Sista Zamu ya Usiku

Mtu mzima akikataa damu akiwa na akili timamu, anaheshimiwa, hata kama atakufa. Mashahidi wa Yehova wengi hubeba kadi iliyotiwa saini, nayo ni kukataa kwa wazi. Mtoto chini ya miaka 18 ni tofauti. Mzazi huridhia kwa faida ya mtoto, hana haki ya kumtoa kafara. Pakiwa na muda, hospitali huenda Mahakama ya Watoto kuomba amri. Himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikiwa 3 na mtoto anahema kwa shida, muda huo haupo, anaongezewa kama dharura na karatasi hufuata. Kipimo cha VVU kwa mtoto kinahitaji ridhaa ya mzazi, isipokuwa kwa mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi, au aliye katika hatari ya maambukizi, ambao huridhia wenyewe kwa sheria ya mwaka 2006.

Mkazi wa Umoja

Mwisho kwangu: mambo yakiharibika, malalamiko yaanzie wapi? Na Wakili, tuwekee mfano wa ile barua.

Wakili wa Ngara

Anza na faili. Andika ombi la nakala: muhtasari wa kuruhusiwa, maelezo ya upasuaji, karatasi ya dawa, majibu ya maabara na picha. Kwa kanuni za ulinzi wa data za 2021 wanatakiwa kujibu ndani ya siku 7, bila malipo. Wakikaa kimya, lalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye anatakiwa kumaliza malalamiko ndani ya siku 90. Mwenendo wa daktari au kituo hupelekwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na hospitali, huo ni mkondo wa nidhamu. Fidia hudaiwa mahakamani, na saa inahesabu: uzembe ni miaka 3 kwa kawaida, lakini dhidi ya Serikali ni miezi 12. Kwa hospitali yoyote ya umma hesabuni 12, msibahatishe. Malalamiko ya KMPDC hayasimamishi saa hiyo.

Barua ni hii, badilisheni mtakavyo:

*Mimi ……, mwenye kitambulisho nambari ……, nikiwa na akili timamu, namteua …… (kitambulisho ……, simu ……) aridhie au akatae matibabu kwa niaba yangu pale nitakaposhindwa kuamua, kwa mujibu wa kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya, 2017. Asipopatikana, namteua ……. Aonyeshwe faili yangu na aelezwe hali yangu. Madaktari wakikubaliana kwamba sitapata nafuu, ninataka ……, sitaki …….. Maumivu yangu yatulizwe. Mteule wangu hawajibiki kulipa deni langu la matibabu kwa sababu ya barua hii. Naweza kuifuta wakati wowote. Tarehe ……. Saini ……. Mashahidi wawili wasio warithi wangu: …… ……*

Sheria haitaji mashahidi, lakini wawekeni. Kuiapisha mbele ya kamishna wa viapo pia si lazima, ila huifanya wadi iichukulie kwa uzito. Fanyeni nakala nne: ya mteule, ya mbadala wake, ya faili ya kliniki mnayohudhuria, na moja nyumbani pamoja na kadi ya bima. Picha yake iwe kwenye simu ya mteule.

Sista Zamu ya Usiku

Na mkifika wadini msimpe karani wa mapokezi peke yake. Mpeni sista wa zamu mkononi, mwombe aibane mbele ya faili na aandike kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu kwamba ipo. Mgonjwa akihamishwa wadi, ulizeni tena kama imehama naye.